Gogo Lililopinda

Mpingo ni mti mkaidi. Shina lake hugawanyika likiwa bado changa, hupinda huku na huku, hujaa mifereji na mafundo, na ukilikata mara nyingi utakuta moyoni mna ufa au shimo ambalo gome halikulidokeza. Hukua polepole mno: miaka 70, hata 100, hupita kabla shina halijanenepa kiasi cha kumfaa mtu. Chini ya gome kuna tabaka jeupe lenye umanjano, linalopendwa na wadudu, na ndani ya tabaka hilo ndimo mlimo na mti wenyewe: weusi uliokolea unaoelekea zambarau, mzito hata kipande chake kikitupwa majini huzama. Tezo lisilonolewa vizuri hurudi lilikotoka. Seremala wa milango akiletewa gogo la namna hiyo huliweka kando akasubiri mninga. Wachongaji wa Kimakonde ndilo wanalolitafuta.

Mtu akiniuliza mawazo mapya hutoka wapi, kwangu mimi jibu lililo wazi kuliko yote liko kwenye kazi yao. Katika kijiji cha vinyago cha Mwenge, Dar es Salaam, au chini ya mikorosho huko Mtwara, chanzo cha wazo hakikai kichwani mwa mtu mmoja kikisubiri kushuka. Kiko mbele ya macho, kinashikika, kina uzito. Unaweza kumwona mchongaji akikipokea, akishindana nacho, akikikubali, na saa nyingine akikikataa.

Huketi chini, miguu ameinyoosha, gogo limebanwa kati ya nyayo. Hana karatasi yenye mchoro. Kazi ya kwanza ni kuondoa gome na weupe, kwa panga na shoka dogo kwanza, halafu kwa tezo. Mgeni hudhani hayo ni matayarisho tu, kama kumenya muhogo kabla ya kupika. Kumbe fikra inaanzia hapo hapo, kwa sababu umbo la weusi halifuati umbo la gogo. Upande mmoja weupe ni mnene, upande wa pili ni mwembamba. Mfereji ulioonekana kwa nje kuwa mkunjo mdogo unaingia hadi katikati. Fundo lililojificha linajitokeza. Kila pigo linamletea mchongaji habari ambayo hakuwa nayo. Hulisimamisha gogo, hulilaza, hulisimamisha tena kichwa chini. Asiporidhika huliweka kivulini, amelifunika lisipasuke kwa jua, akaendelea na kazi nyingine hadi hamu ya kulitazama upya itakaporudi.

Kisha huanza kuamua. Fundo litakuwa goti, au jicho. Tundu lililooza litapanuliwa liwe mdomo uliopiga mwayo. Tawi lililokatwa karibu na shina litakuwa mkono unaochomoza mahali ambapo mikono haioti. Wengine huacha ukanda wa weupe juu kabisa, nao ukawa nywele za mzee au kilemba. Ukiwauliza walijuaje kwamba humo mna kiumbe yule, wengi hujibu kwa maneno machache: wanaufuata mti. Jibu hilo lina uzito wake, na wanaolichukulia kuwa la mtu asiyependa maswali wanapoteza mengi. Mti unatoa nusu ya hoja. Mchongaji hawezi kuufanya useme asichokikuta ndani yake, na akilazimisha utapasuka.

Nusu ya pili hutoka kwingine, na hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo, maana watu wengi huishia kwenye mti. Fundo halimwambii kila mtu kwamba ni jicho. Mimi ningeliona fundo. Ili uone humo kiumbe wa porini mwenye jicho moja na sikio linaloburuzika chini, sharti kwanza uwe umesimuliwa habari zake usiku, utotoni, na mtu aliyekuwa akimwogopa kweli.

Wamakonde ni watu wa nyanda za juu, pande zote mbili za mto Ruvuma: Newala kwa upande wa Tanzania, Mueda kwa upande wa Msumbiji. Ngano yao ya asili ni ngano ya mchongaji. Hapo kale palikuwa na kiumbe aliyeishi peke yake porini. Akachukua mti, akachonga sanamu, akaisimamisha nje. Usiku ulipopita, sanamu ikawa mwanamke mzima. Wakazaa, na watoto waliozaliwa karibu na mto walikufa. Aliyezaliwa juu, mbali na bonde, ndiye aliyeishi, na ndiyo sababu watu wake wakabaki juu. Makabila mengi husimulia kwamba mtu wa kwanza alishuka na ng'ombe, au alitokea shimoni, au alitumwa na mfalme. Sijui watu wengi ambao mama yao wa kwanza ni kinyago. Kijana aliyekua akisikia hayo anaposhika tezo tayari ana kibali cha kuamini kwamba mti unaweza kubeba uhai, na kwamba kuchonga ni kazi ya heshima kuliko nyingi.

Kabla mpingo haujawa mti wao mkuu, Wamakonde walijulikana kwa vinyago vya kuvaliwa, mapiko, vilivyochongwa kwa miti myepesi ili mchezaji aweze kuruka navyo kichwani. Upande wa Msumbiji kinyago hufunika kichwa kizima, na mchezaji huchungulia kupitia mdomoni. Nywele za kweli za binadamu hubandikwa juu, na chale za usoni huigwa kwa nta ya nyuki. Vilichongwa kwa siri, mbali na wanawake na watoto, maana aliyecheza jandoni hakupaswa kutambulika kuwa jirani. Alikuwa mzimu aliyekuja kuwatembelea. Mjerumani Karl Weule alipopita nyanda hizo mwaka 1906 alikusanya vinyago vya aina hiyo na kuvipeleka Leipzig, na mpaka leo baadhi yake vimo katika makumbusho ya huko. Ukivitazama hutaona shetani aliyejikunja wala mnara wa watu waliobebana. Utaona nyuso: za wanawake wenye ndonya mdomoni, za wazee wenye ndevu, zimetulia kabisa. Wachongaji wale walikuwa mabingwa, ila hawakuwa wakichonga tunachokiita leo kinyago cha Kimakonde.

Hilo ndilo jambo ninalotamani lisemwe mara nyingi zaidi. Dukani mgeni huambiwa kwamba kinyago cha shetani, yaani kiumbe wa porini aliyepindapinda, ni sanaa ya mababu, ya tangu na tangu, naye hununua akifurahi kwamba amepata kitu cha kale. Ukweli ni kwamba mtindo huo ulizaliwa katika miaka ya 1950, mjini Dar es Salaam, mikononi mwa watu waliokuwa mbali na kwao. Una umri mdogo kuliko reli ya kati, mdogo kuliko hata taarabu ya Siti binti Saad. Kwa kuwaita waliouanzisha warithi tu tunawapunja. Walikuwa wavumbuzi.

Walifikaje Dar es Salaam? Ukoloni wa Kireno uliwasukuma. Kulikuwa na kodi na kazi za kulazimishwa upande wa kusini wa Ruvuma, na upande wa kaskazini kulikuwa na mashamba ya mkonge yaliyohitaji mikono. Maelfu walivuka. Wengine walikwenda mbali zaidi, hadi Kwale nchini Kenya, ambako wajukuu wao walisubiri uraia mpaka mwaka 2016, walipotembea kwa miguu kwenda Nairobi kuudai. Waliobaki Tanganyika walikata mkonge, wakalinda nyumba za watu, na jioni wakachonga. Walikuwa wamekwisha kuzoea kuchonga kwa ajili ya wageni: wamisionari wa Kikatoliki waliwaagiza misalaba na sanamu za Bikira Maria, na maofisa wa Kireno walinunua sanamu za mwanamke aliyebeba mtungi, mkulima mwenye jembe, mzee mwenye kiko. Kazi safi, zenye vipimo sahihi vya mwili, na zilizouzika. Mchongaji angeweza kuendelea hivyo hadi uzee wake.

Mmoja wao aliitwa Samaki Likankoa. Alitoka upande wa Msumbiji, na kazi zake zilinunuliwa na mfanyabiashara wa Dar es Salaam, Mohamed Peera. Inasimuliwa kwamba siku moja alikuwa akichonga sanamu ya mtu wa kawaida, mkono ukavunjika. Kipande cha mpingo kilichochongwa karibu na kwisha si kitu cha kutupa. Kimekula siku nyingi na kimenunuliwa kwa fedha. Samaki aliitazama ile sanamu yenye kilema, akakumbuka viumbe wa porini waliosimuliwa kwao, akaanza kuigeuza: jicho akalihamisha, mwili akaupinda, kiungo kilichokosekana akakifanya kiwe ndicho kisa chenyewe. Peera alipoletewa hakuirudisha. Aliipenda, akataka nyingine. Kisa hiki husimuliwa kwa namna mbalimbali, na kila msimulizi ana viungo vyake, lakini mara nyingi husemwa kwa majina hayo mawili.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na wengi huisoma habari ya Samaki kwa jicho hilo, kwamba ajali ndiyo iliyoleta sanaa. Mimi naiona ajali kuwa sehemu ndogo kuliko zote. Mikono ya sanamu ilikuwa ikivunjika tangu watu waanze kuchonga. Mpingo ni mgumu lakini hukatika ghafla pale mishipa yake inapopita mshazari. Maelfu ya mikono ilivunjika na haikuzaa chochote zaidi ya gundi na masikitiko. Mkono huu ulizaa kwa sababu mtu aliyeushika alikuwa na hazina ya viumbe kichwani mwake ambayo soko la sanamu za watu wa kawaida halikuwahi kumwomba aitumie. Kwao, viumbe wale walikuwa wa masimulizi na wa hofu; yeye, akiwa na mti mpya mkononi, mjini, miongoni mwa wageni, alikuwa huru kuwapa mwili. Na kulikuwa na mnunuzi aliyekuwa tayari kupokea kitu ambacho hakukiagiza. Siwezi kumtoa Peera katika habari hii, ijapokuwa baadhi ya watu hupenda kumwona mfanyabiashara kuwa mchafuzi wa sanaa safi. Angesema hataki, leo tungekuwa na mtu mmoja tu aliyewahi kuchonga shetani mmoja.

Baada ya hapo mlango ulikuwa wazi, na jinsi ulivyotumika ndiyo inayonistaajabisha kila mara. Mashetani hawakuwa aina moja ikirudiwarudiwa. Kila mchongaji alileta wake. Kuna mwenye kichwa kilichojipinda hadi kikatazama mgongo wake. Kuna ambaye titi lake limerefuka likawa nyoka, na nyoka akarudi kumng'ata. Kuna mwenye vidole vitatu vinavyoishia kwenye nyuso. Mwili unafunguka katikati, unaacha uwazi, na uwazi huo umechongwa kwa uangalifu ule ule uliotumika kwenye mbavu. Wengine wanatisha. Wengine wanachekesha, wana tumbo kubwa na haya machoni, na ukiwatazama sana unatambua kwamba wanafanana na mtu unayemjua. Tazama pia jinsi upindaji wa mpingo ulivyogeuka kuwa neema: gogo ambalo lisingetoa mwili wa mtu aliyesimama wima lilitoa shetani bila kupoteza hata tawi. Kasoro zilizokuwa zikimkwaza mchonga sanamu za binadamu zikawa ndizo zinazotafutwa. Nadhani hapo ndipo mpingo ulipopata watu wake kikamilifu.

Mvumbuzi wa pili ni Roberto Yakobo Sangwani, naye pia wa kutoka Msumbiji, aliyefika Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1950. Chanzo chake hakikuwa porini wala kwenye mizimu. Kilikuwa mieleka. Mshindi wa mieleka hubebwa juu juu na wenzake, miili imeshikana, mikono juu ya mabega, na Sangwani alichonga hivyo: umati wa watu wamebebana, na mshindi yuko kileleni. Mtindo ule aliuita dimoongo, yaani nguvu. Nguvu za nani? Ukitazama vizuri, mshindi hana pa kusimama isipokuwa juu ya mabega ya wengine.

Kisha nchi ikabadilika. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha, na Mwalimu Nyerere akawa akizungumza juu ya ujamaa redioni, vijijini, shuleni. Watu walipokitazama kinyago cha watu waliobebana walikiona kinasema kile kile kilichosemwa redioni, na jina la ujamaa likakishika hadi leo. Jina lilipobadilika, umbo nalo lilianza kubadilika. Mshindi wa mieleka aliondoka taratibu kileleni. Mahali pake pakakaa mama, au mzee wa ukoo, na chini yake watoto, wajukuu, mtu anayetwanga, mtu anayevuta kiko, mama mwenye mtoto mgongoni, kizazi juu ya kizazi. Wapo waliosema wachongaji walikuwa wakijipendekeza kwa serikali. Sikubaliani nao. Wamakonde huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mama aliyebeba watu wake ni wazo walilokuwa nalo kabla ya chama chochote. Siasa iliwapa sababu ya kulitoa nje. Mieleka ilitoa umbo, siasa ikatoa jina, na ngano ya mama wa kwanza ikarudi ikajaza vilivyobaki. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho peke yake kingetosha.

Kuchonga ujamaa ni kazi inayoniacha bila maneno, nami nitajaribu kuieleza hata hivyo. Gogo linabaki na unene wake. Kila mtu anachimbwa ndani yake, hakuna anayeongezwa kwa gundi. Mchongaji hugawa nafasi za vichwa kwanza, kwa tezo, hata gogo likaonekana limejaa mabonge. Kisha kila bonge linaanza kupata bega, na bega linatafuta mkono, na mkono lazima uishie mahali: juu ya kichwa cha jirani, kwenye kiuno cha mwingine, kwenye mtungi. Mkono mmoja ukikosewa, watu wawili wanapoteza miili yao. Kila upande wa gogo lazima ukubaliane na upande ambao mchongaji haoni kwa wakati ule. Kisha hutoboa. Hupitisha patasi nyembamba kati ya watu, akitoa mti wa ndani, mpaka gogo linakuwa wazi katikati na mwanga unapenya kutoka ubavu hadi ubavu, nao watu wanabaki wameshikana kuzunguka utupu. Huko ndani jicho halifiki vizuri. Anachonga kwa kusikia mlio wa patasi na kwa kupapasa. Kazi ya miezi mingi iko mikononi mwake, na pigo moja lililopita kiasi linaweza kuondoa nyayo za mtoto aliyekaa mabegani mwa baba yake.

Na zile nyuso! Kinyago chenye urefu wa kimo cha mtu huwa na makumi ya nyuso, na mchongaji mzuri harudii hata uso mmoja. Nimewahi kuuliza zinatoka wapi. Ni watu, niliambiwa. Wa kijijini, wa kituo cha basi, shangazi, mdai. Mchongaji hawachori popote, anawatazama tu maisha yake yote, na siku patasi inapohitaji shavu, shavu lipo. Hazina hiyo hujazwa kwa miaka bila mtu kujua itatumika lini.

Baada ya kuchonga huja tupa, kisha msasa mkavu hadi ulio laini kabisa, kisha kupangusa na kupangusa. Mpingo wa kweli hung'aa kwa kusuguliwa. Mafuta yake yamo ndani. Palipo na kiwi ya viatu kwa wingi, uliza maswali.

Mitindo haikukoma hapo. Ulikuja ule unaoitwa mawingu, ambao umeacha viungo karibu vyote ukabaki na mikunjo na nafasi zake. Vita vya ukombozi vya Msumbiji, vilivyoanza mwaka 1964, navyo vilizaa vinyago vya askari na wakimbizi, na FRELIMO, chama cha ukombozi, ikawaweka wachongaji katika ushirika. George Lilanga, aliyezaliwa mwaka 1934 kusini mwa Tanzania kwa wazazi wa Kimakonde, alijifunza kuchonga kwa tezo, akaajiriwa kuwa mlinzi katika Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, kabla kazi zake hazijaonekana. Yeye ndiye aliyewatoa mashetani kwenye mti mweusi akawapeleka kwenye rangi: waridi, kijani, manjano, wakicheza, wakigombana, wakipika, wana masikio makubwa na vidole vichache. Mashetani hao hao waliingia pia katika picha za wachoraji waliomfuata Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru. Kiumbe wa porini wa Mueda akafika hivyo kwenye ubao uliopakwa rangi ya baiskeli huko Oysterbay, naye kila alipofika alikuta mtu aliyembadilisha kidogo.

Nakiri kwamba sehemu kubwa ya vinavyouzwa leo katika maduka ya watalii haina ubora huo. Twiga mia wanaofanana, Mmasai aliyeegemea mkuki, ujamaa mdogo wa watu watano waliochongwa kwa mti laini na kupakwa weusi. Wenye maduka wanajua kinachotoka upesi, nao huagiza hicho. Nikivitazama naona kitu kimoja kimeondolewa: kushindana na mti. Gogo la mti laini hunyooka, hukubali chochote, na kijana anayelichonga anaweza kumaliza bila kuambiwa neno hata moja na kazi yake. Simlaumu. Ana kodi ya nyumba, na watoto. Wengi wa mabingwa walijifunzia mkono kwenye kazi za namna hiyo, na wapo wanaochonga twiga asubuhi ili jioni wapate kukaa na gogo lao wenyewe, lile ambalo hakuna aliyeliagiza. Wala si haki kusema mnunuzi siku zote huua wazo, baada ya yote niliyoyaeleza kuhusu Peera. Kinachoua ni mnunuzi anayejua mapema anachokitaka.

Jambo jingine linaloniuma ni majina. Katika makumbusho na katika nyumba za watu nimeona vinyago bora, kazi za mtu aliyekuwa na mkono wake usiofanana na wa mwingine, vikiwa na maandishi ya neno moja tu chini yake: Makonde. Mchoraji akichora kwa brashi tunamtafuta kwa jina, aliyechonga kwa tezo tunamtaja kwa kabila. Samaki na Sangwani wanajulikana kwa sababu kuna watu walioandika habari zao mapema. Waliofanya kazi pembeni yao, wakiwatazama na kutazamwa, wengi wamepotea, ilhali mitindo mikubwa hukua hivyo hivyo, kwa jirani kuchungulia gogo la jirani.

Mti wenyewe nao umekuwa wa shida. Mpingo ndio unaotengenezewa klarineti, obo na zumari za mifuko za Uskoti, na wachongaji wanashindana na viwanda vya ala hizo kwa mti ule ule. Siku hizi gogo zuri hutoka mbali na bei yake hupanda. Tangu Januari 2017 jamii nzima ya miti ya Dalbergia, ambamo mpingo umo, imewekwa chini ya udhibiti wa mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, CITES. Habari njema ipo Kilwa: mwaka 2009, vijiji vya huko vinavyosimamia misitu yao vilipata cheti cha FSC, vya kwanza barani Afrika kwa misitu ya asili iliyo mikononi mwa wanakijiji. Mpingo unaotoka huko hukatwa kwa hesabu, na mapato hurudi kijijini.

Nikiifikiria misitu hiyo nawafikiria wachongaji, kwa sababu moja ya kiufundi. Mtengeneza klarineti anahitaji kipande kilichonyooka, kisicho na fundo, ufa wala shimo, na katika shina la mpingo vipande vya namna hiyo ni haba sana. Sehemu kubwa ya gogo hukataliwa kiwandani. Inayokataliwa ndiyo iliyopinda, iliyojaa mafundo, yenye moyo uliotoboka, na ndiyo ambayo mchonga mashetani angeichagua kwanza kati ya zote. Kutoka Kilwa hadi Mtwara ni safari ya siku moja kwa lori. Mabaki hayo yakipangiwa usafiri na bei ambayo mchongaji anaimudu, hakuna mti wa ziada utakaokatwa, na kijana anayepaka mti laini kiwi atakuwa na gogo gumu la kubishana nalo.